Namba ya Bombani na Namba ya Tangini

Mtu akiniuliza maji ya kwangu yana pH ngapi, yaani ile namba ya asidi ambayo 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali, namjibu kwa swali: maji yapi, na yamekaa muda gani tangu yatoke bombani? Wengine hudhani nakwepa. Nafuga samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa sasa, na katika yote niliyojifunza kuhusu maji, hili ndilo lililookoa samaki wengi kuliko dawa yoyote ya dukani. Namba unayopata ukikinga maji na kuyapima papo hapo siyo namba ambayo samaki ataishi nayo. Ni namba ya maji yakiwa safarini.

Huku Mbezi tunatumia maji ya aina tatu, na kila moja lina tabia yake. Kuna ya bomba, ambayo asili yake ni Mto Ruvu unaoteremka kutoka milima ya Uluguru, yakasafishwa kwenye mitambo ya Ruvu kabla ya kusukumwa mjini. Kuna ya kisima kirefu cha mama jirani, ambacho nyumba kadhaa tunachangia umeme wa pampu yake. Na mgawo ukikaza, kuna ya boza. Ukiniletea glasi tatu za maji hayo sitakuambia kwa macho ipi ni ipi. Ila nipe sabuni ya kipande: ya bomba yanatoa povu mara moja, hayo ndiyo maji laini; ya kisima unasugua mpaka mkono unachoka, hayo ndiyo magumu, yenye madini mengi.

Kwanza niseme kuhusu vifaa, maana ubishi mwingi wa namba huanzia hapo. Karatasi za kuchovya ni rahisi kutumia lakini zinaruka kwa hatua kubwa, na unyevu wa pwani yetu huziharibu pakiti ikishafunguliwa. Mimi nategemea dawa ya matone. Ile ya kawaida, inayouzwa kwa wanaoanza, ina rangi iitwayo bromothaimoli bluu. Maji yakiwa na pH 6 yanageuka njano, kwenye 7 yanakuwa kijani, na yakifika 7.6 yanakuwa bluu. Hapo ndipo kadi ya rangi ya kulinganishia inapoishia. Sasa fikiria maji ya 7.6 na maji ya 8.4: yote mawili yatakuwa bluu ileile, na kadi itakuambia 7.6. Nimekutana na wafugaji wengi wa hapa Dar wanaosema kwa uhakika kabisa kwamba maji yao ya kisima ni 7.6, na ukiwauliza wameonaje, wanakuonyesha rangi ya mwisho kwenye kadi. Rangi ya mwisho ya kadi haisemi "ni hapa". Inasema "ni hapa au kupita hapa". Kwa maji ya visima vyetu, nunua na ile dawa ya pili, ya pH ya juu, inayoanzia karibu na 7.4 na kupanda.

Namna ya kupima nayo ina adabu yake. Nasuuza kichupa kwa maji yaleyale ninayotaka kuyapima, si kwa maji ya sinki. Najaza hadi mstari wa mililita 5 huku jicho likiwa usawa wa mstari. Matone yanayotakiwa nayadondosha chupa ya dawa ikiwa wima kabisa, kwa sababu ikilala tone linabadilika ukubwa. Nafunga kwa kifuniko chake, wala si kwa kidole gumba, kwani jasho la kidole linatosha kupotosha rangi ya maji kidogo hivyo. Nageuza juu chini taratibu, halafu naenda dirishani mchana, naweka karatasi nyeupe nyuma ya kichupa na kulinganisha na kadi. Usiku chini ya taa ya njano huwezi kutofautisha 7.2 na 7.0. Kadi yenyewe naiweka kwenye droo, maana ikikaa juani inafifia na kuanza kukudanganya kidogo kidogo.

Kipimo cha umeme ninacho pia, ila nakiamini pale tu ninapokuwa nimekisahihisha. Kinasahihishwa kwa vimiminika viwili vyenye pH inayojulikana: cha 7, halafu cha 4 au cha juu, 9.18 au 10 kutegemea kifaa. Kwa maji yetu, ambayo mengi yako juu ya 7, natumia cha 7 na cha juu. Ile ncha ya kioo inatakiwa ikae kwenye unyevu wa myeyusho wa potasiamu kloridi. Ikikauka inachelewa kusoma, inayumba, na hatimaye inakufa. Kipimo kizuri kilichosahauliwa kabatini bila unyevu ni kibaya kuliko matone ya bei rahisi, kwa sababu kinakupa namba yenye desimali mbili na wewe unaiamini.

Turudi kwenye maji yenyewe. Jaribio lililonifungua macho ni jepesi, na namwomba kila anayeanza alifanye kabla hajanunua hata samaki mmoja. Fungua bomba, acha maji yakimbie dakika chache ili yale yaliyolala kwenye mabomba ya nyumba yatoke. Kinga ndoo, pima hapohapo, andika. Tumbukiza jiwe la hewa, lile lenye vitundu linalotoa mapovu, ndani ya ndoo, washa pampu, acha mpaka kesho saa kama hizo. Pima tena, andika kando ya ile ya kwanza.

Maji yangu ya bomba yalisoma 7.2 yakitoka, na baada ya kulala yakasoma 7.6. Tofauti ndogo. Ya kisima yalitoka na 6.8. Mtu angeweza kusema ni maji laini yenye asidi kidogo, yanafaa samaki wa Amazoni. Kesho yake ndoo ileile, bila kuongezwa chochote, ilisoma 8.2.

Kinachotokea ni hiki. Mvua inapozama ardhini inapita kwenye udongo uliojaa hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu. Maji yanainywa hewa hiyo, na chini ya ardhi haina pa kutokea. Ni soda ambayo bado haijafunguliwa. Pampu inapoyaleta juu, kizibo kimetoka: hewa ya ukaa inaanza kuondoka, na kwa kuwa ndani ya maji hewa hiyo inakuwa asidi dhaifu, ikiondoka pH inapanda. Yale maji ya 6.8 yalikuwa maji magumu ya 8.2 tangu mwanzo, yamefunikwa na gesi. Aliyenunua samaki wa maji laini kwa kutazama namba ya kwanza atawaona wanafifia rangi bila kujua sababu, huku kipimo chake cha bombani kikiendelea kumwambia mambo ni shwari.

Mizani yenyewe ya pH haihesabu kwa mstari ulionyooka, na hili lazima likae kichwani. Iliwekwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 6.8 hadi 7.8 asidi imepungua mara kumi, na hadi 8.8 ni mara mia. Kwa hiyo mtu akisema "imebadilika moja tu", hiyo "tu" ni kubwa.

Lakini pH peke yake haikuambii maji yana msimamo gani. Ndiyo maana siku hizi sipimi pH bila kupima na ugumu wa kaboneti, ambao kwenye vifaa huandikwa KH. Hapa unahesabu matone: maji mililita 5, tone la kwanza maji yanageuka bluu, unaendelea tone moja moja ukitikisa, hadi ghafla tone moja linayageuza njano. Idadi ya matone ndiyo digrii za KH, na digrii moja ni kama miligramu 17.9 za kalisi kaboneti kwa lita. Napenda sana kipimo hiki kwa sababu hakihitaji ubishi wa rangi. Ilikuwa bluu, sasa ni njano, basi. Maji yangu ya bomba wakati wa kiangazi yanachukua matone 3. Ya kisima yanachukua 9.

Hizo digrii ndizo ngao ya maji dhidi ya asidi. Na tangi la samaki linatengeneza asidi usiku na mchana, kwa sababu bakteria wa kwenye chujio wanapobadili amonia ya samaki kuwa nitriti na kisha nitreti wanakula kaboneti. Kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia inayobadilishwa inamaliza zaidi ya miligramu 7 za ualkali, yaani ngao hiyohiyo. Maji ya matone 9 yanavumilia kazi hiyo muda mrefu. Maji ya matone 3, katika tangi lenye samaki wengi na mfugaji anayebadilisha maji kwa kuchelewa, yanaisha. KH ikifika chini kabisa pH haishuki polepole tena, inaanguka.

Masika ndipo nilipoona kazi ya KH kwa macho. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, Ruvu unakuja na tope. Bibi zetu walituonyesha shabu: unazungusha kipande kwenye ndoo ya maji ya mto, unaacha, tope linakaa chini. Mitambo mingi ya kusafisha maji ya mto duniani hutumia ndugu yake, aluminiamu salfeti, kwa kazi ileile, na maji yakiwa na tope zaidi dawa inayohitajika huwa nyingi zaidi. Sasa dawa hiyo ni ya asidi. Miligramu moja yake hula kama nusu miligramu ya ualkali. Weka miligramu 40 kwa lita, umeondoa karibu miligramu 20, yaani zaidi kidogo ya digrii moja ya KH. Kwenye daftari langu, maji ya bomba ya matone 3 kiangazi yanakuwa ya matone 2 masika, na pH yakitoka inasoma 6.8 badala ya 7.2. Kwa kunywa hakuna tatizo lolote, yako ndani ya kile kiasi cha 6.5 hadi 8.5 kinachotajwa mara nyingi kwa maji ya kunywa. Kwa tangi, theluthi ya ngao imeondoka, tena bila maji kubadilika rangi, harufu wala ladha. Ndiyo maana daftari langu lina safu ya tarehe na safu ya mvua. Anayepima Januari na kuamini namba hiyo hadi Juni anafuga kwa kubahatisha.

Kuhusu klorini sina mengi. Lazima iondolewe, iwe kwa dawa ya sodiamu thaiosalfeti au kwa kuyalaza maji na pampu ya hewa, na ikiwa nyingi inaweza pia kuvuruga rangi ya dawa ya kupimia pH. Maji yakishalala usiku mzima na jiwe la hewa, mambo yote mawili yanamalizika pamoja.

Sasa nizungumzie samaki wa Ziwa Tanganyika, maana hao ndio walionifanya niheshimu pH kweli kweli. Ziwa hili linapoteza maji yake mengi zaidi kwa mvuke kuliko kwa mto Lukuga unaotoka kwenda Congo, na mto Ruzizi unaliletea chumvi za maeneo ya volkeno ya Kivu. Maji yanaondoka angani, chumvi zinabaki. Kwa hiyo pH ya ziwa iko kwenye 8.6 hadi 9, na KH yake ni ya juu sana. Samaki wake wa mawe, wale wa familia ya perege wenye mistari na rangi ambazo huamini ni za maji baridi ya kwetu, wameishi humo muda mrefu mno na wengi hawapatikani kwingine popote duniani. Maji ya kisima cha mama jirani, yakishalala, yanawafaa karibu bila kuguswa. Nimeweka mawe ya matumbawe ya kutosha tangini, na chokaa yake inashikilia pH kwenye 8.3 au 8.4. Watu huku pwani wanalalamikia visima vyenye maji magumu. Kwa samaki wa Kigoma, kisima cha namna hiyo, mradi kisiwe kimeingiliwa na chumvi ya bahari, ni bahati.

Kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Samaki wanasafiri kwenye mifuko ya plastiki, theluthi maji, iliyobaki oksijeni, ndani ya boksi la kuhifadhi ubaridi. Mara ya kwanza kupokea mzigo nilipima maji ya mfuko kwa udadisi tu, kwa sindano iliyopita pembeni ya fundo. Nilitarajia 9 ya ziwa. Nikapata 7.1.

Nilikaa nayo muda kabla sijaielewa. Samaki wamepumua safari nzima ndani ya mfuko uliofungwa, na hewa ya ukaa wanayotoa imebaki humo, ikashusha pH. Na wakati huohuo wametoa amonia. Hapa ndipo pH inapokuwa jambo la kufa na kupona, kwa sababu amonia kwenye maji ina sura mbili. Moja ni amoniamu, ambayo haiwadhuru samaki sana. Nyingine ni amonia huru, ambayo ni sumu kali kwa mashavu yao. Kinachogawa sura hizo ni pH na joto. Katika nyuzi 25, kwenye pH 7 amonia huru ni kama asilimia 0.6 tu ya jumla. Kwenye 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye 9 ni zaidi ya theluthi. Kiasi kilekile cha uchafu, maji yaleyale, kinabadilika kutoka kinachovumilika kuwa kinachoua, kwa pH kupanda tu.

Kwa hiyo ule mfuko wa 7.1 ulikuwa unawalinda samaki dhidi ya uchafu wao wenyewe. Ukiufungua, hewa ya ukaa inatoka na pH inaanza kupanda palepale. Ushauri unaosikika sana, wa kuufungua mfuko, kuweka jiwe la hewa na kudondoshea maji ya tangi tone tone kwa saa nzima au mbili, unafaa kwa samaki aliyetoka duka la Kariakoo nusu saa iliyopita. Kwa samaki wa safari ndefu unamweka kwenye sumu inayozidi kila dakika. Ninachofanya mimi: tangi linakuwa tayari siku kadhaa kabla, lenye ugumu unaokaribiana na wa ziwa. Mfuko unaelea ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, kama robo saa. Ukifunguliwa, samaki wanatolewa kwa wavu na kuingizwa tangini mara moja, na maji ya mfuko yanamwagwa chooni. Msafirishaji anayejua kazi yake huwa amewafungisha chakula siku moja au mbili kabla ya safari ili wachafue kidogo, na ni vizuri kumuuliza hilo kabla ya kulipa.

Kwa hesabu hiyohiyo, tangi kuukuu ambalo pH yake imeshuka hadi 6 na lina amonia iliyolundikana lisipigwe na maji mapya mengi ya 8 kwa mkupuo. Badilisha kidogo, rudia kesho, rudia keshokutwa. Nimeitwa kwenye nyumba moja ambako tangi lilikuwa limeachwa miezi mingi na mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, alikuwa na ndoo za maji ya kisima tayari kulisafisha lote kwa siku moja. Tulipima kwanza. Tangi 6.0, KH haikuchukua hata matone 2, amonia rangi ya kijani iliyoiva, yaani nyingi. Ndoo 8.2. Tukakubaliana debe moja kwa siku, na samaki wote wakavuka.

Watu huuliza wafanyeje kubadili namba. Upande wa kushusha, jibu la haraka la nyumbani ni limau au siki. Kwenye maji ya KH 9 utaona pH inashuka mbele ya macho yako, na kesho imerudi ilikokuwa au karibu nayo, kwa sababu asidi yako imeligonga kaboneti, likatoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo imeondoka. Unaongeza tena, inashuka, inapanda. Samaki anaishi ndani ya bembea hiyo, na bembea inamchosha kuliko namba yenyewe. Majani makavu ya mkungu nayapenda sana. Mti uko kila mahali hapa pwani, majani yakianguka mekundu unaokota, unaosha, unatumbukiza, na maji yanapata rangi ya chai wanayoipenda samaki wa maji laini. Ila kwa maji magumu ya kisima mkungu hautashusha pH kwa maana yoyote. Anayetaka maji laini kweli achanganye ya kisima na maji ya mvua au achukue ya bomba, apime KH kwanza, ndipo ahangaike na pH.

Upande wa kupandisha ni rahisi zaidi: matumbawe, makombe ya baharini, au baikaboneti ya soda ya mandazi kwa kipimo kidogo. Hapo kuna jambo la kutazamwa na wanaofuga samaki wa maji laini kama malaika au neon: yale makombe mazuri mnayookota Coco Beach kupambia tangi yanayeyuka taratibu na kufanya maji yawe magumu. Na magadi sishauri. Yanapandisha pH kwa nguvu, na ya ukanda wa Bonde la Ufa yanaweza kuja na floraidi ambayo hukuiomba.

Kwa samaki wengi wa dukani, gapi na jamii yake, waliozaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji na si porini, sitabadili chochote. Maji ya 7.6 yasiyoyumba ni bora kwao kuliko ya 7.0 yanayotafutwa kila wiki kwa dawa.

Boza ndilo lenye hadithi tofauti kila linapokuja. Nimezoea kuuliza kabla mpira haujaingizwa kwenye tangi la nyumba.

"Habari za kazi, kaka. Leo umejaza wapi?"

"Safi kabisa haya, dada, mpaka kunywa unakunywa."

"Usafi sina shaka nao. Nataka kujua ni ya bomba au ya kisima."

"Leo kisimani. Kwenye bomba foleni ilikuwa haisogei."

"Sabuni inatoa povu?"

"Linatoka, ila la kubembeleza."

Hilo la mwisho ni taarifa nzuri kabisa. Nakinga chupa moja kabla ya kumwagwa, nahesabu matone. Siku hiyo yalikuwa 14, maji yanaenda kwa samaki wa Tanganyika na hayagusi tangi la malaika. Nayapitishia pia kipimo cha chumvi, maana visima vingine vya karibu na bahari vimeingiliwa, na chumvi ya bahari pH haiioni.

Kwa sasa kazi iko kwa jirani wa upande wa pili. Alijenga tangi la chini la saruji la kuhifadhia maji ya mgawo, fundi akalipiga plasta safi, likajazwa maji ya bomba. Akaniita nipime kabla hajahamishia samaki wake malaika maji hayo, na nilishukuru aliniita. Dawa ya pH ya juu ilitoa rangi iliyopita mwisho wa kadi. Kipimo cha umeme, nilichokisahihisha asubuhi hiyo, kilisoma 10.9. Saruji mpya inatoa chokaa iliyozimwa ndani ya maji, na maji laini ya matone 3 hayana cha kuizuia. Dawa yake ni kujaza, kuacha siku kadhaa, kumwaga na kurudia, na kila safari inashuka. Maji ya kwanza hayafai kunywa wala kumwagilia mchicha, anadekia sakafu na kuloweka matofali ya banda analojenga.

Malaika wake wako kwangu, kwenye tangi la bomba lenye majani ya mkungu, mpaka maji yake yasome chini ya 8 na yabaki hapo wiki nzima bila kupanda. Juzi aliniita kupitia ukutani, kichupa mkononi: "Dada, tisa nukta tatu!" Nikamwambia amwage tena.